Aliyepitwa mzunguko hana haki ya kuteua mshindi

KATIKA barabara za Tononoka, kisiwani Mombasa, swali la nani ampishe nani huulizwa kila kunapokucha. Matatu iendayo kasi hukutana na mkokoteni uliosheheni mizigo, tuktuk hujipenyeza ubavuni, nazo bodaboda hupita popote palipobaki upenyo. Mvuta mkokoteni hashindani na yeyote. Ana safari yake, na ana haki ya kuwa barabarani kama wenye magari. Lakini lau angeamua kuiziba njia matatu moja ili nyingine ya jamaa yake itangulie kufika steji, hapana mtu mtaani ambaye angekubali kwamba naye ni msafiri tu kama wasafiri wengine.

Tofauti hiyo, baina ya mwendo wa polepole na uzuiaji wa makusudi, ndiyo kiini cha mzozo ambao umeisumbua michezo ya mbio kwa miaka mingi. Katika mbio za magari, mzozo huu huwakutanisha madereva wanaoongoza na wale ambao tayari wameachwa nyuma kwa mzunguko mzima au zaidi. Katika riadha, uliwahi kuigusa Kenya pabaya, Agosti 3, 1992, katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona nchini Uhispania.

Jibu ambalo wasimamizi wa michezo wamekuwa wakilitoa mara nyingi ni kuadhibu baada ya tukio. Historia ya viwanja vya magari na ya riadha yaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, kwa sababu aliyepitwa mara nyingi huwa hana tena cha kupoteza, ilhali anayeongoza huwa na kila kitu cha kupoteza.

Bendera yenye maana mbili

Mzozo huu hujitokeza waziwazi katika mashindano ya NASCAR nchini Marekani, ambako magari yenye umbo la yale ya kawaida ya barabarani huzunguka uwanja mamia ya mara. Katika uwanja wa Martinsville, jimboni Virginia, mzunguko mmoja una urefu wa takriban mita 850, na mashindano makuu huwa ya mizunguko 500. Gari linaloongoza humaliza mzunguko kwa muda wa sekunde 20 hivi. Kwa kuwa magari yanayoshiriki hukaribia 40, haichukui muda mrefu kabla ya kiongozi kuufikia mkia wa msafara na kulazimika kuwapita walio nyuma, mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo bendera ya samawati hutolewa. Katika mbio za Formula One, dereva anayepeperushiwa bendera hiyo kwa sababu anakaribia kupitwa mzunguko hana hiari. Sharti ampishe anayekuja nyuma yake mara apatapo nafasi, na akipuuza huadhibiwa. Katika NASCAR, bendera ya samawati yenye mstari wa manjano ni ya kuarifu tu. Humweleza dereva kwamba wenye kasi wanakaribia, kisha humwachia yeye na ungwana wake aamue.

Mtazamaji aweza kudhani kwamba dereva aliye nyuma hana sababu ya kukataa kupisha. Ukweli ni kwamba anazo sababu, na nyingine ni halali. Pamoja na kushindana na kiongozi, hushindana na wenzake walio nyuma kama yeye kuwania pointi, fedha na imani ya wadhamini. Kila anapoondoka kwenye njia nzuri ili kumpisha mwingine, hupoteza muda ambao mpinzani wake wa karibu huutumia kumkamata.

Aidha, kanuni yenyewe humpa tumaini. Zamani bendera ya manjano ya tahadhari ilipotolewa, madereva wa NASCAR waliendelea kukimbizana hadi kwenye mstari, na aliyepitwa aliweza kuurejesha mzunguko wake hapo. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka wa 2003, baada ya gari la Dale Jarrett kukwama katikati ya njia uwanjani New Hampshire huku wenzake wakija kwa kasi kuelekea alipokuwa. Tangu wakati huo, tahadhari inapotangazwa, gari la kwanza miongoni mwa yaliyopitwa hurudishiwa mzunguko mmoja. Kwa hivyo dereva anayeng'ang'ania nafasi hiyo hafanyi ukaidi wa bure. Ajali moja ya mtu mwingine yaweza kumrejesha kundini.

Kisasi cha Martinsville

Ungwana, hata hivyo, huisha pale chuki inapoingia. Oktoba 18, 2015, katika uwanja wa Kansas, Joey Logano aligusana na Matt Kenseth aliyekuwa akiongoza, ikiwa imesalia mizunguko michache tu. Gari la Kenseth lilizunguka na kupoteza mwelekeo, naye Logano akashinda. Wiki iliyofuata Kenseth aliondolewa katika mchujo wa kuwania ubingwa wa mwaka.

Novemba 1, 2015, wawili hao walikutana Martinsville. Logano aliongoza kwa sehemu kubwa ya mashindano, na ushindi ungempa tiketi ya moja kwa moja ya kushiriki fainali ya ubingwa. Kenseth, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika katika ajali ya awali, alikuwa nyuma kwa mizunguko mingi. Mizunguko isiyofika 50 ikiwa imesalia, Logano alipofika kumpita, Kenseth alimwelekezea gari lake na kumsukuma hadi ukutani. Baadhi ya mashabiki walishangilia kwa sauti kubwa, wakiamini kwamba deni lilikuwa limelipwa.

NASCAR ilimpiga Kenseth marufuku ya mashindano mawili, na rufaa yake haikuiondoa marufuku hiyo. Jeff Gordon ndiye aliyeshinda siku hiyo na kujikatia tiketi ya fainali. Logano hakufika huko.

Hapa pana somo. Adhabu ilitolewa, nayo ilikuwa kali kwa kipimo cha mchezo huo. Lakini Kenseth alikuwa amekwisha kutoka katika kinyang'anyiro cha ubingwa, na mashindano mawili aliyoyakosa hayakubadilisha hatima yake. Aliyelipa gharama halisi ni yule aliyekuwa akiongoza, na hakuna kikao cha waamuzi kilichoweza kumrudishia mizunguko aliyopokonywa.

Hata bendera isiyo na hiari haikuumaliza mzozo

Pengine mtu atasema kwamba dawa ni kuifuata Formula One na kumlazimisha aliyepitwa apishe. Dawa hiyo husaidia, lakini haiponyi ugonjwa wote.

Agosti 30, 1998, katika uwanja wa Spa-Francorchamps nchini Ubelgiji, mvua ilinyesha kiasi kwamba madereva hawakuweza kuona mbele. Michael Schumacher, aliyekuwa akiongoza, alimfikia David Coulthard ili ampite mzunguko. Coulthard alipunguza kasi ili ampishe, lakini alifanya hivyo bila kuondoka kwenye njia. Schumacher alimgonga kwa nyuma na mbio zake zikaishia hapo. Kwa hasira alimfuata Coulthard hadi kwenye gereji za timu yake. Miaka kadhaa baadaye, Coulthard alikiri kwamba alikosea. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba kupisha vibaya kwaweza kuwa na hatari sawa na kukataa kupisha.

Novemba 11, 2018, mjini Sao Paulo nchini Brazili, Max Verstappen alikuwa akiongoza katika uwanja wa Interlagos alipokabiliwa na Esteban Ocon, aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mmoja. Ocon alikuwa na magurudumu mapya, na kanuni zilimruhusu kujikomboa mzunguko wake iwapo alikuwa na kasi zaidi. Alijaribu kumpita kiongozi kwenye kona, magari yakagongana, na Lewis Hamilton wa timu ya Mercedes akachukua uongozi na hatimaye ushindi. Ocon aliadhibiwa kwa kusimamishwa sekunde 10. Baada ya mbio Verstappen alimsukuma Ocon kwa mikono, naye akaamriwa kufanya siku mbili za huduma kwa umma.

Maneno hayakukoma, kwa sababu Ocon alikuwa amelelewa kimchezo na Mercedes, timu ya yule yule aliyenufaika. Hakuna ushahidi uliotolewa kwamba palikuwa na njama. Lakini ndivyo ilivyo kila mara aliyepitwa anapoamua hatima ya kiongozi. Macho ya watu hayaishii kwenye kosa, bali hutafuta udugu uliopo baina ya mkosaji na mshindi.

Udugu huo ndio uliozua kidonda cha Kenya.

Kidonda cha Barcelona

Kenya ni nchi ya mbio za magari, lakini si za kuzunguka uwanja. Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953, ambayo katika miaka ya nyuma ilipita hadi Pwani, na ambayo tangu 2021 imerejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia huko Naivasha, huwaachilia madereva mmoja mmoja kwa kupishana dakika. Mwenye kasi anapomfikia mwenzake, adui mkubwa ni vumbi. Mizunguko ambayo Wakenya huihesabu kwa moyo wa kudunda ni ile ya riadha, hasa mbio za mita 10,000, ambazo ni mizunguko 25 ya uwanja.

Katika fainali ya Barcelona, Richard Chelimo wa Kenya, kijana wa miaka 20, na Khalid Skah wa Moroko waliwaacha wengine wote. Mwaka uliotangulia, katika mashindano ya dunia jijini Tokyo, Moses Tanui wa Kenya alikuwa ametwaa dhahabu, Chelimo akawa wa pili na Skah wa tatu. Kwa hivyo wawili hao hawakuwa wageni kwa kila mmoja.

Ilipokuwa imesalia takriban mizunguko mitatu, walimfikia Hammou Boutayeb, pia wa Moroko, ambaye alikuwa karibu kupitwa mzunguko mzima. Badala ya kusogea kando, Boutayeb aliungana nao. Alikaa mbele ya Chelimo, akapunguza mwendo, akapitwa, kisha akarejea tena mbele. Watazamaji walianza kupiga miluzi. Afisa mmoja aliingia njiani akajaribu kumshika ili amwondoe, lakini Boutayeb alimkwepa na kuendelea kwa muda.

Katika mzunguko wa mwisho Skah alichomoka na kushinda kwa dakika 27 na sekunde 46.70. Chelimo alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 47.72. Tofauti baina yao ilikuwa sekunde moja na ushei. Addis Abebe wa Ethiopia alikuwa wa tatu, zaidi ya sekunde 12 nyuma ya Chelimo.

Muda mfupi baadaye Skah alipokonywa ushindi, na Chelimo akatambuliwa kuwa bingwa wa Olimpiki. Furaha hiyo haikudumu. Moroko ilikata rufaa, na siku iliyofuata jopo la rufaa la shirikisho la riadha duniani likamrejeshea Skah dhahabu. Alipopanda jukwaani kuipokea, uwanja ulimzomea.

Swali lisilo na jibu

Wanaomtetea Skah wana hoja yenye uzito. Hakuna aliyethibitisha kwamba alipanga lolote na mwenzake. Alikuwa ameshikamana na Chelimo kwa mizunguko zaidi ya 20 bila kuachwa, na alikuwa na mbio kali za kumalizia. Huenda angeshinda hata kama Boutayeb angekuwa ameketi jukwaani. Kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine, ati kwa sababu wanavaa jezi ya nchi moja, si haki.

Wanaomtetea Chelimo nao wana hoja isiyoweza kupuuzwa. Katika mbio ndefu, mkimbiaji asiyetegemea fataki za mwishoni hushinda kwa kuutunza mwendo na kuuongeza hatua kwa hatua mpaka mpinzani achoke. Anayemkatiza mwendo huo, hata kwa hatua chache, humpa nafuu yule anayengojea mita 400 za mwisho. Boutayeb hakuhitaji kumgusa Chelimo ili amdhuru. Kule kumfanya afikirie mtu wa tatu, katika dakika ambazo alipaswa kumfikiria mmoja tu, kulitosha kuwa hasara.

Ukweli ni kwamba hakuna ajuaye nani angeshinda. Dhuluma ya tukio lile imo humo. Chelimo aliondoka bila kujua kama alishindwa au alinyang'anywa. Skah aliondoka na dhahabu ambayo watu hawakuacha kuitilia shaka. Mtu aliyekuwa ameachwa nyuma kiasi cha kutoweza kushinda chochote aliwaharibia wote wawili waliokuwa na haki ya kushindana.

Chelimo hakuwahi kupata nafasi nyingine kama ile. Julai 5, 1993, mjini Stockholm, aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 ya dakika 27 na sekunde 07.91. Siku tano baadaye Mkenya mwenzake, Yobes Ondieki, aliivunja mjini Oslo na kuwa mtu wa kwanza kukimbia chini ya dakika 27. Mwaka huo huo Chelimo alipata nishani ya shaba katika mashindano ya dunia ya Stuttgart. Alifariki Agosti 2001 kutokana na uvimbe kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 29.

Hadi kufikia Michezo ya Paris ya 2024, dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo wanaume wa Kenya walikuwa wamepata katika mita 10,000 ilikuwa ile ya Naftali Temu, jijini Mexico mwaka wa 1968. Kwa takriban siku moja mnamo Agosti 1992, zilikuwa mbili.

Kanuni na mkono wa mwamuzi

Kanuni za sasa za riadha hupiga marufuku mwanariadha kusaidiwa mwendo na wenzake waliopitwa mzunguko au wanaokaribia kupitwa. Ni kanuni nzuri, lakini haitoshi. Humlenga anayesaidiwa, wakati ambapo madhara makubwa zaidi yaweza kutokana na anayezuia. Huyu akiondolewa mashindanoni hapotezi kitu, kwa kuwa hakuwa na nishani ya kupoteza. Na mbio za mizunguko 25 si rahisi kurudiwa kesho yake kama mbio fupi, kwani miguu iliyokwisha kutumika haikopeshwi upya.

Kwa sababu hiyo, ulinzi wa kweli sharti uwe ndani ya mbio zenyewe. Aliyepitwa aonywe mara anapobadili mwendo au njia kwa sababu ya kiongozi, na akirudia aondolewe kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho. Katika mbio za magari, waamuzi wana bendera nyeusi ya kumwita dereva atoke njiani. Wanachohitaji ni ujasiri wa kuitumia mapema, hasa wanapojua kwamba wawili wana kisasi na mmoja wao hana tena cha kupigania. Mgogoro wa Logano na Kenseth ulijulikana kwa wiki mbili kabla ya Martinsville. Haukuhitaji mpiga ramli.

Hata hivyo, pana hatari ya kuvuka mpaka upande wa pili, kwa kuwafukuza wote walio nyuma ili njia iwe nyeupe kwa wakubwa. Afrika Mashariki haiwezi kuukubali mtazamo huo. Mtanzania John Stephen Akhwari alimaliza mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico mwaka wa 1968 akiwa wa mwisho, amejeruhiwa mguu, muda mrefu baada ya washindi kufika, na jina lake limedumu kuliko ya wengi waliomtangulia. Wa mwisho ana haki ya kumaliza. Haki hiyo ni yake kamili, na haipungui kwa sababu ya unyonge wa miguu yake au wa injini yake.

Kinachopaswa kukatazwa ni jambo moja tu, nalo ni kuitumia nafasi ya mwisho kuchagua atakayekuwa wa kwanza. Anayeshika njia yake kwa mwendo wake anashindana. Anayeiacha njia yake ili azibe ya mwingine ameacha kushindana, hata kama bado ana namba kifuani au usukani mkononi.

Jambo hili linaihusu Kenya kama mwenyeji pia. Machi 24, 2007, kisiwa hiki cha Mombasa kiliandaa mbio za nyika za dunia katika uwanja wa gofu, umbali mfupi kutoka Tononoka, kwenye njia ya kuzunguka ambayo wanaume walipaswa kuikimbia mara sita kukamilisha kilomita 12. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyeonekana hashindiki, alizidiwa na joto la Pwani na kujiondoa katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, huku Moses Mosop wa Kenya akiwa wa pili. Siku hiyo kiongozi aliangushwa na jua pamoja na mpinzani aliyekuwa akimkimbiza, wala hakuna aliyelalamika. Wahenga walisema kutangulia si kufika.

Kushindwa kwa namna hiyo huuma, lakini huacha moyo umetulia. Nairobi nayo iliandaa mashindano ya dunia ya chipukizi mwaka wa 2017 na 2021, na kila panapokuwa na mizunguko patakuwa na atakayepitwa. Maafisa watakaosimama kando ya njia wakumbuke yule afisa wa Barcelona aliyenyoosha mkono wake mbio zikielekea ukingoni, akaambulia hewa.